Klachi ya pikipiki ya theluji, revu hazifiki

Muulizaji: Wakuu naombeni msaada, nimepanda nayo milimani nabonyeza mafuta mpaka mwisho inaishia revu 7,600 (mizunguko ya injini kwa dakika) wakati inatakiwa 8,000, injini inalia kama imebanwa. Niguse springi ya klachi au vyuma vya uzito vilivyo ndani yake?

Jibu: Uzito, mkuu. Huko juu hewa nyepesi, injini inapoteza nguvu, vile vyuma vinasukuma puli ya mbele ya klachi kubana mkanda wake kuliko injini inavyoweza. Punguza gramu kidogo kidogo, vyuma vyote sawa, revu zitapanda.

Jibu: Cheki mkanda kwanza jamani, ukiwa umelika pembeni vipimo vyote vinakudanganya. Na usibadilishe vitu viwili kwa mpigo.

Muulizaji: Mkanda mzima. Nimetoa gramu 2 kila chuma, inasoma 7,950, asanteni sana!