Ukifunga tabo au nozeli kubwa kwenye lori, lazima programu ya injini ipangwe upya?

Mleta mada, Mtwara mjini

Wakuu, msimu wa korosho unakaribia na kila gereji unayopita unakuta lori limenyanyuliwa kichwa. Huyu anafunga chujio la hewa la wazi, yule bomba la moshi pana, mwingine kaagiza tabo kubwa (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) kutoka Dar. Ubishi ni ule ule. Wapo wanaosema hivi vifaa unafunga bolti unaondoka, kompyuta itajirekebisha yenyewe. Wengine wanasema ukigusa chochote bila kupanga programu upya, injini itanoki kabla msimu haujaisha.

Mimi naona wote wanabishana bila kuuliza kwanza ni gari gani. Fuso ya zamani ya injini ya 6D16 haina kompyuta ya kupanga. Mafuta yanapimwa na pampu yenyewe, kwa hiyo kazi yote ni kupeleka pampu kwenye mashine ya kupimia, siyo kukaza skrubu kwa kusikiliza mlio. Hapo hakuna mjadala.

Mjadala uko kwenye magari ya kompyuta, kuanzia Hilux ya D-4D (dizeli ya Toyota inayopuliza mafuta kwa kompyuta) kwenda juu. Nguvu ya dizeli inatokana na kiasi cha mafuta yanayopulizwa. Ukiongeza hewa peke yake, kompyuta inaendelea kupuliza dizeli ile ile iliyopangiwa kiwandani. Utapata moshi pungufu, joto pungufu kidogo, na mlio wa kuwashtua watu stendi. Kwa hiyo ekzosi, yaani bomba la moshi pana, peke yake haihitaji programu, ila usidanganywe kwamba umeongeza nguvu ya maana.

Chujio la wazi lina mtego wake. Sensa ya hewa imekaa ndani ya bomba ambalo upana wake kompyuta imeshaukariri. Weka bomba pana zaidi: hewa ile ile inapita taratibu mbele ya sensa, kompyuta inadhani hewa imepungua. Kwenye dizeli inabana mafuta, gari linakuwa zito. Kwenye petroli ni mbaya zaidi, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi petroli kidogo. Sensa ya oksijeni inajaribu kurekebisha, lakini ina kikomo, na ukikanyaga mafuta mpaka chini magari mengi hayaisikilizi.

Nozeli kubwa, hizi zinazopuliza mafuta ndani ya injini, sina msamaha nazo. Kompyuta haioni ukubwa wa tundu, inahesabu muda wa kulifungua. Tundu likiwa kubwa na muda ukabaki ule ule, dizeli inamwagika kupita hesabu. Hata nozeli mpya za kiwandani kwenye hizo D-4D zimeandikwa namba ndefu ambayo fundi anatakiwa kuiingiza kwenye kompyuta, kwa sababu ya tofauti ndogo tu kati ya nozeli na nozeli. Sasa wewe unafunga kubwa kabisa halafu unasema itajirekebisha?

Dereva, Masasi

Kaka, hayo ya darasani. Gari ya bosi wangu imefungwa nozeli kubwa, programu haijaguswa, na mlima wa Newala inapanda na mzigo. Moshi upo, sikatai. Lakini inavuta!

Mleta mada

Inavuta, ndiyo, dizeli ya ziada inavuta. Swali ni joto lililopo ndani wakati umekanyaga mpaka chini, gia ya chini, mlima hauishi na upepo wa kupooza rejeta hakuna. Pistoni ni za alumini, na alumini safi inayeyuka kwenye nyuzi 660. Mwambie bosi afunge geji ya joto la moshi, ikae pale moshi haujaingia kwenye tabo, halafu mpande Newala mkiiangalia. Geji ni rahisi kuliko overhoo, kufumua injini nzima na kuijenga upya.

Fundi, Lindi

Nakubali nusu. Huku kwetu wengi wanaosema wamepanga programu wamewekewa faili la kunakili, limetoka kwenye gari la mtu mwingine lenye nozeli nyingine na tabo nyingine. Ni kama kumeza dawa za jirani kwa sababu na yeye alikuwa anaumwa tumbo. Bora gari libaki la kiwandani. Anayekuja na laptopu muulize kama amehifadhi programu ya asili, na kama atapanda na wewe gari likiwa na mzigo akisoma presha ya tabo na presha ya mafuta. Akisema haina haja, mrudishe alikotoka. Na klachi mnaisahau. Nguvu ikiongezeka, inayoanza kulia ni klachi, kisha giaboksi.

Mwenye magari, Mtwara

Mimi nalipwa kwa tani. Kikomo cha tani 56 kwa gari na tela lake hakipandi kwa kuwa nimefunga tabo kubwa. Nikiwahi kufika bandarini, foleni ya kushusha inanisubiri pale pale. Sasa hiyo nguvu namuuzia nani?

Mleta mada

Mkuu, hilo swali ndilo lilitakiwa kuulizwa kwanza, kabla ya hilo la programu. Wapo wenye sababu, mfano anayechelewa kila siku kwenye mlima mmoja na anakula dizeli kwa kukaa gia ya chini. Wengi wanafunga kwa sababu jirani kafunga.

Kijana, Tandahimba

Nina Canter ya 4D33, haina tabo. Naambiwa naweza kufunga tabo ya kawaida bila kugusa kitu kingine. Kweli?

Mleta mada

Hapana mdogo wangu. Pampu yako haina habari kwamba kuna tabo. Isipoguswa, utaongeza hewa bila mafuta. Ikikazwa kwa kubahatisha, utatoa moshi kila ukiondoka, kwa sababu mafuta yanakuja kabla tabo haijaanza kusukuma. Na bado kuna njia ya oili ya kwenda na kurudi, na joto ambalo injini hiyo haikupangiwa. 4D34 ya tabo ilitoka kiwandani na pampu inayosikia presha ya tabo. Kaulize bei ya injini hiyo nzima kwanza, ujumlishe na bei ya tabo, mabomba na fundi, ndipo uamue.