Laptop ya kazi za kila siku na gemu kidogo, bajeti milioni 1.2

Kiti_cha_Nyuma

Wakuu, salaam. Natafuta laptop ya Word, Excel, vipindi vya Zoom na muvi. Jioni nataka kucheza FC 25 (gemu ya mpira) na GTA V, sitaki ubora wa juu, mradi isikwame. Bajeti ni sh 1,200,000, kwa hiyo naongelea used za Kariakoo. Mbele yangu kuna mbili: HP EliteBook 840 G8 (i5, RAM GB 16) na Lenovo ThinkPad P52 (i7-8750H, RAM GB 16, ina Quadro, yaani kadi ya grafiki ya NVIDIA). Muuzaji anasema EliteBook ni kizazi cha 11, P52 ni cha 8, kwa hiyo EliteBook itabeba gemu zaidi. Kweli? Na dukani nikague nini?

Fundi_Kandambili

Muuzaji kachanganya mafaili. Kizazi cha prosesa utakifaidi kwenye Excel na Zoom. Gemu inauliza kadi ya grafiki kwanza. Kiwango cha chini walichotaja EA, wenye gemu, kwa FC 25 ni kadi ya GTX 1050 Ti ya GB 4, RAM GB 8 na nafasi ya GB 100 kwenye diski. 840 G8 inategemea Iris Xe, grafiki ya Intel iliyomo ndani ya prosesa. Hiyo haina memori yake, inakopa kwenye RAM. GTA V utaicheza ukishusha picha hadi 1280x720, ila chukua toleo la Legacy, si Enhanced la Machi 2025. FC 25 ipo juu ya uwezo wake. Hata ikifunguka itakukera.

P52 sasa. Uliza Quadro gani, maana hapo ndipo watu wanapigwa. Zilitoka na P1000, P2000 au P3200. P1000 ina kore 512, ipo chini ya 1050 Ti. P2000 ina kore 768 na memori GB 4, ndiyo 1050 Ti yenyewe kwa jina la ofisini. P3200 ina GB 6, ukiikuta kwa hela hiyo lipa uondoke. Stika ya Quadro haikwambii ni ipi. Fungua Task Manager, nenda Performance, bonyeza GPU 1, jina linasomeka juu kulia.

Ubaya wake ni uzito: karibu kilo 2.5 bila chaja, na chaja yenyewe ni tofali. Kama ni ya kupanda nayo daladala kila asubuhi, fikiria mara mbili.

Kiti_cha_Nyuma

Ahsante mkuu. Mgongo wangu unaitaka EliteBook. Hakuna namna ya kuiongezea nguvu?

Dada_Pikseli

Ipo, na wengi wanaikosa bure. Usiishie kuuliza RAM ni GB ngapi, uliza ipo kwenye vijiti vingapi. Iris Xe inataka vijiti viwili ili isome memori kwa njia mbili kwa pamoja. GB 16 ya kijiti kimoja inaibana kiasi kwamba Windows yenyewe inaiita "Intel UHD Graphics" badala ya "Iris Xe". Ukiona jina hilo kwenye i5-1135G7 au 1145G7, chipu ni nzima, kilichopungua ni kijiti. Thibitisha kwenye Task Manager, Memory, mstari wa "Slots used": ukisoma 1 of 2, tafuta kijiti cha RAM ya laptop, SODIMM DDR4 3200, cha ukubwa uleule.

840 G8 na Dell Latitude 5420 zina sloti mbili. ThinkPad T14 Gen 2 ina memori moja iliyochomelewa kwenye bodi na sloti moja. T14s na Latitude 7420 zimechomelewa zote, ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho.

Lakini Fundi yupo sahihi: vijiti viwili vitakulainishia GTA V, FC 25 bado itakuwa ya kubahatisha.

Waya_Moto

Mambo ya dukani. Kwanza ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka (bonyeza unapoiwasha: HP ni F10, Lenovo F1, Dell F2). Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, irudishe mezani. Kisha mwambie afanye Reset ya Windows mbele yako na uunganishe hotspot ya simu yako wakati wa kuisetia. Mashine nyingi za used zilikuwa za makampuni. Ambayo kampuni haijaitoa kwenye mfumo wake itataja jina la kampuni na kudai barua pepe ya kazini. Bila intaneti hutaligundua hilo dukani, utaligundua siku ukipiga Windows upya.

Betri: fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, fungua faili inayotokea. Linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Full Charge ikiwa chini ya asilimia 60 ya Design, hesabu bei ya betri mpya na uitoe kwenye bei anayokutajia.

Joto: ichomeke umeme, endesha gemu au FurMark (programu ya kuichosha kadi ya grafiki) dakika 15 huku HWiNFO, inayoonyesha joto na kasi, ipo wazi. Prosesa ya 8750H ya P52 ikigusa nyuzi 95 na kasi ikaporomoka chini ya 2.2 GHz, feni imejaa vumbi au pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka. Hilo ni la kusafisha na kupaka upya, si la kuikimbia mashine, ila punguziwa bei.

Na usidanganyike na neno i7. i7-7500U ina kore 2 tu na haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, wakati i5-8250U ina kore 4 na imo. Windows 10 ilifungiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo Intel ya kizazi cha 7 kushuka chini achana nayo.

Kiti_cha_Nyuma

Nimeenda kuiangalia ile P52. Task Manager inasoma Quadro P2000. Ila chaja waliyonipa imeandikwa 20V 6.75A.

Fundi_Kandambili

Hiyo ni 135W. P52 yenye P2000 hutoka na 170W, yaani 20V 8.5A. Kwenye Excel hutaona tofauti. Kwenye gemu umeme hautatosha, kasi itashuka na betri itaanza kuliwa hata ikiwa imechomekwa. Wakupe ya 170W kabla hujatoa hela.