Tupeane uzoefu: Nini kilikutoa kwenye mawazo wakati maneno yamegoma?

#1 (mwanzisha uzi, Tanga)
Wadau, salaam. Mwaka juzi nilipunguzwa kazi, nikajifungia ndani wiki tatu. Kila aliyekuja alinikalisha kitako, "Una nini lakini?" Nilivyozidi kuulizwa ndivyo nilivyozidi kuwa bubu. Aliyenitoa ni jirani yangu seremala. Aliniita nimshikie ubao anaouranda, hakuuliza kitu. Siku ya tatu nikajikuta namhadithia mwenyewe, wote tumekodolea macho randa. Tangu hapo naamini mikono ikipata shughuli mdomo unalegea. Leteni yenu, yaliyowakuta, si ya kusoma. Yaliyobuma nayo leteni.

#2 (Unguja)
Assalaam aleikum. Nilifiwa na mume nikakaa eda, miezi minne na siku kumi. Mwanzo nyumba ilijaa watu. Baada ya arobaini, kimya, nasikia friji tu. Ndipo akaja shangazi yake marehemu na mzigo wa miyaa ya kusukia mikeka kwapani. Akakaa chini, akaichana, akanianzishia ukili mwembamba na kuniwekea mapajani. Nilikuwa sijasuka tangu utoto. Ukili ukaenda upogo, upande mmoja umevimba kama umeumwa na nyuki. Akautazama, akafumua pima nzima, akanirudishia: "Haya, anza." Pole hakunipa, na pole nilishazichoka.

Ikawa ndiyo kazi yetu kila baada ya alasiri. Siku tuliyochemsha miyaa ya rangi vidole vikageuka zambarau, wifi yangu akanikata jicho akidhani najipamba nami nimo edani. Nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Siku nyingine nikamwambia shangazi jambo ambalo hata mamangu sikumwambia: kwamba nimemkasirikia marehemu kwa deni alilotuachia. Hakuinua kichwa. "Na mimi wangu nilimkasirikia," akasema, akaongeza mwaa mwingine. Basi.

Nilitoka eda na mkeka mmoja. Umepinda hata kuuelekeza kibla shida, kwa hiyo tunaukalia tu.

#3 (Morogoro)
Mimi naharibu stori. Niliambiwa "jichanganye na watu", nikaingia kwaya. Sare ya kwanza, mchango wa spika, mchango wa safari, sare ya Pasaka. Ukichelewa kulipa unatajwa mbele za watu. Mawazo niliyokwenda nayo yakapata wenzao. Nikatoka. Siku hizi kila Jumamosi, nikishapaki bodaboda, nakaa chini ya mwembe naziba pancha za baiskeli za watoto wa mtaani, bure. Wanapanga foleni, wanagombana, wananiuliza maswali ya ajabu. Mtu akiniambia kundi lolote ni dawa, namwambia aulize kwanza michango.

#4 (Muscat)
#3 umenichekesha, pole ndugu yangu. Mimi nafanya kazi za ndani, mwaka wa nne sasa. Julai iliyopita shule zilipofunguliwa nyumbani, nilishindwa kulala. Nikaandika kwenye kundi letu la ushairi la wasapu:

*Nimekaa dirishani, natazama nisojua,*
*Mwanangu yuko nyumbani, shule leo wafungua.*

Sikutarajia jibu, ilikuwa usiku wa manane. Mzee mmoja wa Pangani, sijapata kumwona, akanijibu papo hapo:

*Usikae dirishani, toka nje uote jua…*

Jua la Muscat mwezi wa saba! Nilicheka mpaka nikaziba mdomo na mto nisiamshe wenye nyumba. Nikamjibu kwamba jua la huku linakaanga yai. Tukajibizana beti mpaka alfajiri, wengine wakaamka wakaingilia. Hakuna aliyeniambia "vumilia". Walinisahihisha mizani tu.

#5 (muuguzi, Mbeya)
Anachosema mwanzisha uzi, Wazimbabwe wamekifanyia kazi. Kishona kina neno *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi, yaani haya haya tunayoyaita mawazo. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza na kina bibi 14 wa Mbare, Harare. Walifundishwa kumsikiliza mtu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti wa kliniki 24 za Harare, uliotoka 2016, ulionyesha waliokaa na bibi walipungukiwa dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wazo hilo limeshafika hata Zanzibar.

Sehemu ninayoipenda haisemwi sana. Baada ya benchi, watu huingia kikundi cha wenzao, na humo wanafuma mikoba kwa plastiki zilizokwishatumika huku wakipiga soga. Ni ule ule ukili wa #2.

Ila niseme kama muuguzi: mimi mwenyewe nilipata sonona nikatumia dawa miezi minane. Kufuma nilianza dawa ziliposhaniamsha kitandani, kabla ya hapo hata sindano ilikuwa nzito. Kama unawaza kujidhuru, usisubiri mkeka. Mwambie mtu leo, nenda naye hospitali.

#1
Muuguzi, asante, hilo lilipaswa kukaa juu kabisa. #3, baiskeli ya mwanangu inakuja Morogoro kwa basi. Bibie wa ukili, nataka kujaribu: miyaa mibichi au mikavu?

#2
Mikavu, uiloweke usiku mmoja ilainike. Rangi iache kwanza, na wifi zako usiwaalike.