Kuhesabu mizunguko ya usingizi wakati jua la Juni halizami mapema

Ndugu zangu wa Stockholm, assalamu alaykum. Nina miezi minne hapa, nahudumia wazee, na zamu yangu huanza saa moja asubuhi. Nilisoma kwamba usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90, na kwamba mtu akikamilisha mizunguko mitano huamka akiwa mwepesi. Kwa wiki tatu sasa napanda kitandani saa tatu na nusu usiku na kuweka kengele saa kumi na moja alfajiri, lakini kichwa huwa kizito kana kwamba sikulala kabisa. Nakosea wapi?

*

Mdogo wangu, wa alaykumu ssalam. Hesabu yako ni sahihi, ila mwili hauifuati. Dakika 90 ni makadirio tu. Mzunguko unaweza kuwa wa dakika 70 au ukafika 120, na hubadilika katika usiku uleule, kwa kuwa usingizi mzito hujaa mwanzoni na ule wa ndoto hurefuka kuelekea alfajiri. Kosa la robo saa katika kila mzunguko, ukifika wa tano, limezidi saa nzima. Tena unahesabu tangu kupanda kitandani, si tangu kupitiwa na usingizi.

Ninayemshuku hasa ni jua. Kwetu huchomoza na kuchwa karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, hata tukaanzia hapo kuhesabu saa zetu. Hapa mwezi wa Juni linazama baada ya saa nne usiku na kurudi mnamo saa tisa na nusu, na katikati hakuna giza la kweli. Mwanga ukiingia machoni huzuia melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia. Kiangazi changu cha kwanza nililaumu godoro, nikanunua jingine, na nafuu sikuipata mpaka nilipotundika mapazia mazito yasiyopitisha mwanga.

Kwa hiyo anza kwa kuidhibiti saa ya kuamka, iwe ileile hata siku za mapumziko, na ukiamka utoke nje mapema. Kahawa ya alasiri, ile ya mapumziko ambayo Waswidi huyaita fika, iache kwanza, maana saa tano hivi baada ya kuinywa nusu ya kafeini ingali mwilini. Uzito wa nusu saa ya kwanza usikutishe. Hata aliyelala vizuri huupata.

*

Naomba kuongeza jambo kwa tunaoswali. Majira haya Isha na Alfajiri hukaribiana mno, na misikiti hufuata ratiba za makadirio, hivyo usingizi hukatika vipande viwili hata mtu akiwa na mapazia. Mimi hufidia kwa kulala dakika 20 nikitoka zamu, wala sizidishi, kwani nikizama katika usingizi mzito huamka nikiwa nimechoka zaidi, na usiku silali.