Je, ghala la Linux libebe maktaba za Windows?

Mwenye mada

Salamu kwa wote. Naliweka hapa jambo ambalo limekuwa likizungumzwa pembeni, kila upande ukiondoka na imani kwamba umeshinda. Sisi tunaojitolea kutunza ghala dogo la vifurushi vya Fedora, mojawapo ya mifumo ya Linux, hapa Mombasa, lenye programu za hesabu za bohari na za orodha za shehena zilizoandikwa na wenzetu, tumeombwa tuanze kubeba pia maktaba, yaani vipande vya msimbo vinavyotumiwa na programu nyingi, zinazokompailiwa (kugeuzwa kutoka maandishi ya chanzo kuwa faili za kompyuta kuendesha) ndani ya Linux ili zitumike katika Windows. Je, ni sawa ghala la mfumo mmoja kubeba faili za mfumo mwingine, tena kwa mikono ya watu wasiolipwa?

Wasiolifuatilia jambo hili wajue kwamba kukompaili kwenyewe si kugumu tena. Kompaila ya GCC ikishirikiana na mingw-w64, zana za kutengenezea programu za Windows, hukaa katika mashine ya Linux na kutoa faili za .exe (programu) na .dll (maktaba) ambazo Linux yenyewe haiwezi kuziendesha. Ugumu uko katika maktaba. Programu inayochora madirisha yake kwa GTK huihitaji GTK katika umbo la Windows, na GTK nayo huzihitaji GLib, cairo na pango, na hizo zina mahitaji yao, mpaka ufike kwa zlib, maktaba ya kubana data, huko chini kabisa. Kila moja lazima ije na .dll yake, faili zake za .h, na faili ya .dll.a inayotumika wakati wa kuunganisha. Asiyepata vifurushi vilivyo tayari hujijengea mnyororo huo wote mwenyewe au, kama inavyotokea mara nyingi, huokota .dll iliyokompailiwa na mtu asiyemjua, kutoka katika chanzo ambacho hajakiona.

Wakubwa wenyewe hawakukubaliana. Fedora ilizikaribisha maktaba hizi katika ghala lake kuu tangu toleo la 11 la mwaka 2009, na katika toleo la 17 la mwaka 2012 ikahamia mingw-w64 ili kuzihudumia kompyuta za biti 64. Debian, mfumo mwingine wa Linux, hubeba kompaila hiyohiyo, lakini maktaba za Windows ilizonazo ni chache mno, kama ile ya zlib. Mimi nasimama na Fedora. Kanuni yao ni kwamba kila kitu kikompailiwe kutoka katika chanzo, kwa kompaila iliyomo ndani ya ghala, na kanuni hiyo haibadiliki kwa sababu faili inaishia na .dll. Kompyuta zilizo juu ya meza za ofisi za mji huu ni za Windows kwa sehemu kubwa, na watu wanaozitumia ndio hao hao tunaowaandikia programu. Bandari ya Kilindini hupokea shehena za Uganda, Rwanda na Sudan Kusini ambazo hakuna mkazi wa Mombasa atakayezitumia, na sijamsikia mtu akisema bandari imepotoka.

Fundi wa Kisauni

Ndugu mwenye mada, umeeleza vizuri, ila umesahau kwamba shehena ya Uganda hulipiwa. Mwenyewe hulipa ada za bandari, humlipa wakala, huwekewa dhamana ya forodha, na akichelewa kuondoa kontena lake hutozwa kwa kuchelewa huko. Maktaba ya Windows ndani ya ghala letu haitakuwa na mwenyewe wa kutozwa. Atakayeileta ataitumia kwa programu yake, programu ikitoka atatoweka, na sisi tutabaki na kifurushi ambacho hakuna anayethubutu kukifuta.

Nije kwenye usalama, ambao ndio hoja yangu kubwa. Mnamo Septemba 2023 iligunduliwa kasoro katika libwebp, maktaba ya kusomea picha, iliyopewa nambari CVE-2023-4863, na ilikuwa tayari inatumiwa na washambuliaji. Katika Linux kasoro ya namna hii huzibwa kwa kusasisha kifurushi kimoja, na kila programu inayokitumia hupona ikiwashwa upya. Katika Windows haiwi hivyo. Pale, mfumo unapotafuta .dll huanza kuitafuta katika folda ile ile ya .exe, na kwa hiyo kila programu husafiri na nakala yake ya maktaba. Tukisasisha kifurushi katika ghala letu tutakuwa tumeisasisha mashine ya mtu anayekompaili, wala si kompyuta ya karani aliyeko ofisini. Ile faida inayotufanya tuvipende vifurushi hukomea mlangoni, na kazi ya kuvitunza hubaki palepale.

Kisha kuna suala la majaribio, ambalo watu hulipita haraka. Kwenye Linux ya biti 64, aina ya namba iitwayo long huchukua baiti nane. Kwenye Windows ya biti 64 huchukua nne. Programu inayoandika namba za makontena katika faili kwa kutumia long itakompailiwa bila onyo lolote, itafunguka vizuri, itahifadhi faili, na siku mtu wa Linux atakapoifungua faili iliyohifadhiwa Windows ataona takataka, kwa sababu kila namba baada ya ile ya kwanza imesomwa kutoka mahali pasipo pake. Kosa hili kompaila hailioni. Linaonekana kwa kuendesha programu, na sisi hatuna Windows ya kuiendeshea. Tuna Wine, inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, ambayo ni chombo kizuri lakini si Windows. Mtunza kifurushi anayeweka jina lake kwenye kitu ambacho hajawahi kukiona kikifanya kazi anaahidi asichoweza kukitimiza.

Hata hivyo, simwachi mtu bila njia. MSYS2, ghala la vifurushi vya kutengenezea programu ndani ya Windows, ipo, ina vifurushi hivi vyote, na inatunzwa na watu wanaoijua Windows. Anayetaka maktaba za Windows aende huko.

Mwalimu wa Tudor

Naomba kuuliza jambo kabla hatujafika mbali, kwa sababu wanafunzi wangu wengi wana vipakatalishi vya Windows na wamekwisha kuuchangamkia mpango huu. Maktaba tunazozizungumzia ni za nani hasa? Mwanafunzi anayeandika C++ kwa Visual Studio hataweza kuziunganisha na programu yake kwa kuwa GCC na kompaila ya Microsoft huyaandika majina ya kazi za C++ kwa namna mbili tofauti. Maktaba za C zitamfaa, ingawa nazo zina mtego wao. Kuna maktaba ya msingi ya zamani iitwayo msvcrt, na kuna UCRT iliyokuja na Windows 10 mwaka 2015. Ukichanganya mbili hizi katika programu moja, kumbukumbu iliyoombwa upande mmoja ikiachiliwa upande wa pili, programu inaweza kuanguka bila kueleza sababu. MSYS2 walibadilisha chaguo lao la kawaida kuwa UCRT mwaka 2022. Kwa hiyo tusiwaambie vijana kwamba tunawaletea maktaba za Windows. Tunachojadili ni maktaba za mtu aliyeko Linux ambaye programu yake itaendeshwa kwingine, na huyo ni mtu mmoja mahususi. Sipingi ahudumiwe. Napinga kuhesabu wanafunzi wangu miongoni mwa watakaohudumiwa ili idadi ionekane kubwa.

Karani wa Shimanzi

Mimi si mwandishi wa programu; nafanya kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha, na nimealikwa kusema yanayotokea upande wetu. Tulipewa programu ya kupangia orodha za shehena, ikiwa ndani ya flashi. Kwanza Windows ilitandaza kile kidirisha cha buluu kinachoonya kwamba mchapishaji hajulikani. Tulipokipita, ukaja ujumbe kwamba libwinpthread-1.dll haikupatikana. Kijana mmoja wa ofisini akaitafuta faili hiyo mtandaoni, akaipata katika tovuti inayogawa faili za .dll moja moja, akaiweka, na programu ikafunguka. Kila mtu alifurahi. Nimesoma mliyoyaandika hapo juu na sasa nauliza: ile faili ilitoka kwa nani, na ikiwa na ubaya ndani yake, ofisi yetu impigie nani simu?

Mwenye mada

Bi Karani amelisema kwa maneno machache jambo ambalo mimi nililizungushia aya tatu. Faili ile ni sehemu ya mingw-w64 yenyewe. Inahitajika karibu kila mara pamoja na libgcc_s_seh-1.dll, na kwa programu za C++ huongezeka libstdc++-6.dll. Aliyewapa programu alipaswa kuziweka zote kando ya .exe. Hakuziweka, nadhani, kwa sababu katika mashine yake zilikuwa tayari ndani ya njia ya utafutaji, yaani folda ambamo mfumo hutafuta faili, na hakuliona pengo. Jibu la swali lako la mwisho ni kwamba hakuna wa kumpigia, na nakushauri faili hiyo iondolewe leo, mumtake aliyewapa programu awape iliyo kamili.

Ndugu Fundi anasema usasishaji hukomea mlangoni. Ni kweli haufiki wenyewe kwa karani, lakini tuangalie kinachotokea kabla ya mlango. Fedora wana utaratibu ambao kifurushi kinapojengwa, kila .dll husomwa na mahitaji yake huandikwa yenyewe, kwa mfano mingw64(zlib1.dll). Siku kasoro itakapotangazwa katika zlib, amri moja itanitajia kila programu ya Windows ndani ya ghala letu inayoitegemea, nami nitajua ni zipi za kujengwa upya na ni ofisi zipi za kupelekewa toleo jipya. Mtu aliyeokota .dll zake huku na huko hana orodha hiyo. Mwaka 2023 hangejua hata kama anayo libwebp. Kati ya kusasisha kwa miguu huku ukijua pa kwenda, na kutosasisha kabisa, mimi naona tofauti kubwa.

Kuhusu MSYS2, naiheshimu, lakini imejengwa kwa mtu aliyeketi mbele ya Windows. Mwenzetu ambaye kazi yake yote iko Linux, na ambaye anataka amri moja itoe toleo la Linux na la Windows kutoka katika chanzo kilekile, hasaidiki kwa kuambiwa anunue leseni na mashine ya pili. Miradi mikubwa hufanya vivyo hivyo: matoleo ya Windows ya VLC na ya Tor Browser hukompailiwa ndani ya Linux.

Lakini hoja ya mwenyewe wa mzigo naichukua nzima, na ya Mwalimu vilevile. Kwa hiyo pendekezo langu sasa ni jembamba kuliko ombi tuliloletewa. Maktaba ya Windows iingie ghalani ikiwa tu kuna programu ndani ya ghala hilohilo inayoihitaji, na programu hiyo ikitoka, maktaba nayo itoke. Ijengwe kutoka katika faili ileile ya maelezo ya ujenzi inayojenga toleo la Linux, kama Fedora wanavyofanya sasa kwa vifurushi kadhaa, gdal kikiwemo, ili matoleo mawili yasiachane na kiraka cha kuziba kasoro kikiwekwa kiwekwe kote. Kifurushi kikikosa mtunzaji mwenye Windows ya kujaribia, kisipokewe.

Fundi wa Kisauni

Sharti la kwanza na la mwisho nayakubali bila kinyongo. La faili moja ya maelezo ndilo linalonikosesha usingizi. Ukiunganisha ujenzi wa pande mbili, upande mmoja ukianguka wote umeanguka. Chukua siku ya dharura: kiraka cha OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano, kimetoka, toleo la Linux linajengwa salama, lakini la Windows linakwama kwa sababu mtu ameandika Windows.h kwa herufi kubwa mahali ambapo faili ya mingw-w64 inaitwa windows.h, jambo ambalo Windows hailijali na Linux hulijali sana. Seva za watu zitabaki wazi zikingoja herufi moja ya mfumo ambao hazina haja nao. Ukizitenga faili mbili za maelezo, hilo halitokei. Kinachotokea ni kile ulichokitaja wewe, la Windows kubaki nyuma pole pole bila mtu kugundua. Katika mabaya hayo mawili mimi nachagua la pili, kwa sababu anayeumia ni yule aliyeomba huduma.

Mwenye mada

Kuna njia ya katikati ambayo haihitaji kuchagua. Faili ya maelezo huweza kuwekewa swichi inayozima ujenzi wa Windows, na mtunzaji wa upande wa Linux akawa na ruhusa ya kuizima siku ya dharura bila kuomba idhini ya mtu. Ikizimwa, mtunzaji wa upande wa Windows apewe wiki mbili airekebishe, na zikipita, vifurushi vya Windows vya maktaba hiyo viondolewe ghalani. Kwa namna hiyo kubaki nyuma hakutokei kimya kimya, na seva hazingoji.

Fundi wa Kisauni

Wiki mbili ni nyingi kwa OpenSSL na ni chache kwa libpng, maktaba ya picha. Andika hivyo, kwamba muda utategemea uzito wa kasoro, nami nitaacha kupinga. Naongeza kwamba tuanze na zlib, libpng na GLib peke yake, GTK ingoje tuone kama kuna aliyebaki. Na kile kidirisha cha buluu alichokiona Bi Karani hatujakigusa. Kuitia programu sahihi ya kidijitali inayomtaja mchapishaji kunawezekana tukiwa ndani ya Linux, kwa osslsigncode, lakini cheti hununuliwa kwa pesa na huisha muda, na hakuna kati yetu aliyesema ni jina la nani litakaloandikwa juu yake.