Naomba ushauri: ukuaji wa seli ndani ya tishu

Ndugu wanachama, ninafundisha biolojia sekondari hapa Bukavu, na mwanafunzi ameniuliza iwapo seli hukua kwa uamuzi wake yenyewe. Nilimjibu kwamba seli za epitheli (zile zinazofunika nyuso za viungo vya mwili) zinapobanwa na jirani zake huweza kuendelea kugawanyika bila kukua, kila kizazi kikiwa kidogo kuliko kilichotangulia, mpaka mgawanyiko ukome. Tishu ikipanuka, seli hizo hupata tena nafasi ya kukua. Alitaka kuona kwa macho, na naliona ombi hilo kuwa la haki kabisa. Tuna hadubini moja tu, na vitunguu vya soko la Kadutu. Je, ncha ya mzizi wa kitunguu yafaa kuonyesha jambo hili, ingawa seli za mimea zimefungwa na kuta ngumu?