Nilimpeleka mdogo wangu kama ombi la maombi, sasa hapokei simu zangu. Nifanyeje?

Kifunguamimba
Wapendwa, habari za humu. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunirushia mistari.

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Huyu ninayemzungumzia ni wa mwisho, ana miaka 24, nimembeba mgongoni. Miezi miwili iliyopita alinifuata jikoni usiku, akaniambia anavutiwa na wanaume. Anajua tangu ana miaka 13. Amefunga, ameomba, amekemewa, haikuondoka. Hakusema ana mtu, wala hakuniomba nikubaliane na chochote. Alisema tu, "Dada, nimechoka kubeba hili peke yangu."

Nikamkumbatia, nikamwambia nampenda. Alhamisi ileile nikaenda kwenye kikundi chetu cha maombi nikasema tumwombee mdogo wangu, ana roho ya ushoga. Nililia kweli, sikuwa nasengenya. Tulikuwa watu wanane pamoja na mimi. Kufika Jumapili mwalimu wa kwaya alishamwita pembeni na kumwambia apumzike kuimba "kwa muda". Mama naye ameshasikia, anasema asikanyage nyumbani mpaka atubu. Baba kanyamaza.

Mimi naamini Biblia na sitaki kuipindisha ili nifurahishe mtu. Ila nashindwa kulala. Nampendaje bila kuonekana nabariki dhambi? Na nikimwomba mama amfungulie mlango, nitakuwa nampinga Mungu?

Mzee wa Zaburi
Binti, hapa hakuna kuzunguka. Walawi 18:22, Warumi 1:26-27, 1 Wakorintho 6:9. Upendo unaoficha ukweli ni woga. Mama yako yuko sawa, maana Paulo mwenyewe aliagiza yule mwovu aondolewe kati yao (1 Wakorintho 5:13).

nusu_mkate
Mzee shikamoo, ila hiyo sura ya 5 ni ya mtu aliyekuwa anaishi na mke wa baba yake, kanisa zima linajua na linajivuna. Huyu kijana kafanya nini? Kamwambia dada yake anachokisikia moyoni. Waebrania 4:15 inasema Yesu alijaribiwa sawasawa na sisi, bila kufanya dhambi. Kwa hiyo kujaribiwa na kutenda ni vitu viwili, au siku hizi tumeviunganisha?

Halafu ile orodha ya 6:9 huwa mnaikatia njiani. Mstari wa 10 una watukanaji. Pitia nyuzi za humu uone nani anaongoza.

Msoma Kigiriki
Mtoa mada, ujue pia kwamba si Wakristo wote wanaoisoma mistari hiyo kwa namna moja. Paulo anatumia maneno mawili, *malakoi* na *arsenokoitai*. La kwanza maana yake ni "laini", na ndilo hilohilo lililoko Mathayo 11:8 kwenye yale mavazi mororo. La pili halijaonekana kwenye maandishi yoyote ya kabla ya Paulo. Wako wataalamu wanaoona alilenga ukahaba na watu wazima waliotumia wavulana na watumwa, si watu wawili waliokubaliana kuishi kwa uaminifu. Na Sodoma yenyewe, Ezekieli 16:49 inautaja uovu wake kuwa ni kiburi, shibe na kutomsaidia maskini.

Mzee wa Zaburi
Kijana, malizia. Hilo la pili limeundwa na *arsen*, mwanamume, na *koite*, kitanda. Maneno yote mawili yamo kwenye Walawi 20:13 ya Kigiriki, ile Septuaginta. Paulo alijua anakolitoa. Na Ezekieli usimwachie mstari wa 49, endelea na wa 50: "wakafanya machukizo". Na Yuda 7 je?

Msoma Kigiriki
Hiyo ya *koite* ni hoja nzito, sikatai. Ila neno kutoka kwenye maneno fulani halikuambii moja kwa moja lilitumikaje. Hapo tutakesha, mzee.

Mkatekista mstaafu
Hata maaskofu wanakesha. Waanglikana wamegawanyika tangu kuwekwa wakfu kwa Gene Robinson, askofu wa Marekani aliyeishi wazi na mwenza wa kiume, mwaka 2003. Wamethodisti wa Muungano waliondoa makatazo yao mwaka 2024, baada ya makanisa mengi kujitoa. Kwetu Wakatoliki, Desemba 2023 Roma iliruhusu baraka fupi, zisizo za kiliturujia, kwa watu walio kwenye mahusiano hayo. Januari 2024 maaskofu wa Afrika wakasema kwao haitawezekana.

Ila angalia wasichobishania. Katekisimu namba 2357 inasema tendo haliwezi kuhalalishwa, na namba inayofuata inasema watu hawa wapokewe kwa heshima na huruma, bila ubaguzi usio wa haki. Ni ukurasa uleule. Kumfungulia mwanao mlango si kubariki chochote. Yule baba wa mwana mpotevu alimkimbilia akiwa bado yuko mbali, hotuba ya toba haijaisha.

mgeni_wa_leo
Nimefungua akaunti ili nijibu uzi huu tu. Nina miaka 41 na hali yangu ni kama ya mdogo wako. Nimechagua kuishi bila mwenza kwa sababu nasoma maandiko kama Mzee wa Zaburi anavyoyasoma. Kwa hiyo msiniweke upande wa Msoma Kigiriki.

Nilikemewa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kila mara nikiinuka pale chini naambiwa imetoka, na mimi nasema amina ili niende nyumbani. Kulikuwa na shirika kubwa la Kikristo Marekani, Exodus International, lililojulikana kwa kuwasaidia watu "kubadilika". Mwaka 2013 lilifungwa, na kiongozi wake, Alan Chambers, akaomba radhi hadharani kwa maumivu waliyosababisha. Nilisoma habari ile nikalia kama mtoto.

Dada, kilichotaka kuniua si tamaa. Ni siku nilipoingia ibadani nikaona watu wananiangalia kwa ile sura ya huruma, nikajua nimeshakuwa ombi. Mdogo wako leo hana kwaya, hana nyumbani, hana wewe. Kabla ya swali la dhambi, hakikisha yuko salama. Muulize moja kwa moja kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, mtafutie mtaalamu siku hiyohiyo.

Mama wa wanne
Mwanangu Kifunguamimba, nimesoma uzi wako mara mbili. Umeuliza sana kuhusu dhambi ya mdogo wako, ambayo hata haijulikani kama kaitenda. Siri yake uliyoitoa umeiita maombi. Mithali 11:13 inasemaje? Mathayo 18:15 inasema umwendee "wewe na yeye peke yenu". Hata kama ungekuwa unamwonya, watu saba waliingiaje?

Sikuhukumu, nami nimewahi. Ila nenda kamwombe msamaha, na usiweke "lakini" katikati.

Mzee wa Zaburi
Kwa hili namuunga mkono mama. Msimamo wangu kuhusu tendo haujabadilika, ila lile la mama yako kumfungia mlango nilijibu haraka. Nalirudisha.

Kifunguamimba
Mrejesho. Mama wa wanne, nilikasirika, nikafunga simu, nikarudi usiku.

Nimemwandikia. Nimeandika na kufuta mara nyingi, kila nikisoma nakuta nimeweka Biblia mwishoni kama muhuri. Mwishowe nimeandika: niliitoa siri yako bila ruhusa yako, nimekukosea, nisamehe. Uko salama? Unafikiria kujidhuru?

Amejibu baada ya saa mbili. "Sifikirii kufa. Nipo kwa rafiki. Nani wanajua?"

Mama nimemwambia yuko kwa rafiki. Hajasema arudi, ila kaniuliza rafiki gani na kama analala vizuri.

Nimemtumia majina yote saba. Ameshasoma. Bado hajajibu.

mgeni_wa_leo
Usimpigie. Subiri.